Mwenye Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Kwenye mlango wa kantini ya idara ya maji alikaa mwanamke mmoja juu ya stuli ndefu, na hakuna aliyepita hapo kwenda kula bila kumpa karatasi. Alichana pembe ya tiketi, akaichomeka kwenye msumari, akasema "Karibu", basi. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Jengo zima, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, lilimwita Bi Tiketi, naye aliitika bila kinyongo, maana alishaona watu wazima wenye heshima zao wakiitwa vibaya zaidi.

Tiketi hazikuwa kazi yake yote. Kando ya sinki la kunawia mikono palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, limeandikwa kwa rangi nyeupe SANDUKU LA MAONI, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Bi Tiketi, ndani ya blauzi. Kila Ijumaa saa tisa, meza zikishafutwa, alilifungua. Karatasi nyingi zilikuwa zimelowa, kwa sababu aliyechagua mahali pa kulipigilia hakukumbuka kwamba watu wakinawa hukung'uta mikono. Alizianika juu ya meza, akazisoma, kisha akazinakili kwenye daftari kubwa lenye safu tatu: tarehe, maoni, hatua. Kila baada ya miezi mitatu daftari lilipanda ghorofa ya tatu kwa ofisa utumishi. Kanuni ilisema mpishi asiyaone maandishi yenyewe, asije akaujua mwandiko wa mtu akampunguzia nyama.

Aliyeliweka lile sanduku alikuwa mkurugenzi wa enzi hizo, mtu wa tabasamu na hotuba, ambaye baadaye aliingia kwenye siasa akawa meya wa mji kwa miaka kumi. Watu walimwita Mheshimiwa hata akiwa hayupo, na hilo si jambo dogo. Kwa kuwa sanduku lilikuwa lake na yeye yuko juu, wafanyakazi wa idara waliona hapo pana njia ya mkato: ukiwa na neno la kumwambia meya, tumbukiza. Kwa hiyo Bi Tiketi akifungua alikuta maharage yasiyoiva yamelaliana na mashimo ya barabara, na supu nyepesi imegandana na kura zilizohesabiwa mara mbili.

Karatasi hazikuwa na majina, lakini kwa Bi Tiketi zilikuwa kama zimepigwa picha ya pasipoti. Msoma mita aliikata saba yake katikati kwa mstari, kama alivyofanya kwenye kitabu chake cha mita. Fundi bomba aliandika kwa herufi kubwa tupu, akikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Karani wa masjala alipanga maoni yake kwa namba, na mara nyingine aliandika "rejea maoni yangu ya mwezi uliopita", kana kwamba mchuzi una faili. Dereva wa boza la maji, mzee aliyekaribia kustaafu, alianza kila mara na "Kwa heshima na taadhima", kisha heshima hiyo ilikuwa haifiki mstari wa pili.

Hivyo Bi Tiketi alijua kila mtu anafikiria nini kuhusu wali, kuhusu serikali na kuhusu bosi wake, pengine kuliko wake zao walivyojua. Hakumwambia mtu. Mwenyewe hakuwa na maoni, au tuseme hakuwahi kuonekana nayo. Wakimuuliza uchaguzi huu amempigia nani kura, alijibu, "Nimempigia aliyeshinda," jibu ambalo lilimfaa kila uchaguzi.

Mambo ya siasa aliyaandika kwenye daftari kwa kifupi, na kwenye safu ya hatua akaweka "halihusu kantini". Fundi bomba aliwahi kuandika: MHESHIMIWA ALITUAHIDI BUTI. TUNAINGIA KWENYE MITARO NA KANDAMBILI. MIGUU INAOZA. Halihusu kantini. Msoma mita aliandika kwamba Mheshimiwa huja kula nao mara moja kwa mwaka, anapigwa picha ameshika kijiko, sahani anaiacha kama alivyoikuta. Hilo Bi Tiketi alilifikiria kidogo, maana sahani ilikuwa ya kantini, lakini nalo akaliandikia vilevile.

Mpishi mkuu wa kantini alikuwa wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Bi Tiketi ndiye aliyemwombea kazi, miaka kumi na moja iliyopita, kaka alipofariki na kuacha mabinti wawili na kabati moja. Watu husema mawifi hawakai chini ya paa moja moto usiwake. Hawa walikaa, vyumba viwili, mabinti kimoja na wao kimoja, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa nani amezima redio. Mshahara wa jikoni ndio uliowasomesha wale mabinti, na mkubwa alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo cha ualimu.

Kwa miaka tisa wifi alipika vizuri. Sahani zilirudi safi, na sandukuni watu walilalamikia udogo wa kijiko, ambayo ni sifa kwa njia ya mlango wa nyuma. Kisha akaugua homa, wiki tatu kitandani. Aliporudi kazini, chakula kikawa hakitabiriki: leo mchuzi wa bahari, kesho mchuzi wa hospitali. Baada ya mwezi bahari ikashinda, ikabaki.

Ingekuwa zamani, pengine yangepita. Lakini mwezi huohuo alikuja ofisa utumishi mpya, kijana mwenye miwani na waraka kwa kila jambo, na waraka wake wa kantini ulikuwa wa mistari miwili: mpishi atakayelalamikiwa zaidi ya mara tatu katika miezi mitatu, nafasi yake itatangazwa. Bi Tiketi aliusoma mara mbili. Ijumaa ile sanduku lilikuwa na karatasi saba za chumvi.

Hakufikiri sana. Alizichukua zote saba, akaingia jikoni wakati wifi yuko stoo, akazitia kwenye jiko la mkaa chini ya sufuria ya maharage ya kesho. Kisha akakaa na daftari mbele yake. Safu ikiwa tupu kabisa ingetia shaka, kwa hiyo akatunga. "Chakula ni kitamu, tunashukuru." "Mpishi aongezewe mshahara." Aligeuza maneno yasifanane, na mara moja moja aliweka kosa la kuandika ili ionekane ni fundi. Miaka miwili aliifanya kazi hiyo, na siku nyingine aliona wazi kwamba anatunga vizuri kuliko wanaoandika kweli.

Kila Ijumaa wifi alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, akaegemea fremu ya mlango.

"Wamesemaje wiki hii?"

"Wanakusifu tu."

"Na chumvi je?"

"Iko sawasawa."

Wifi aliitikia kwa kichwa, taratibu, akarudi ndani. Mara moja tu Bi Tiketi alijaribu kupitia njia nyingine. Wakiwa nyumbani alisema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Wifi, mchuzi wa leo niliuona una chumvichumvi." Wifi aliweka kijiko chini. "Kwani wameandika?" Bi Tiketi akasema hawajaandika. "Basi ni ulimi wako," wifi akasema, akaendelea kula. Bi Tiketi hakulirudia tena.

Mheshimiwa alifariki Jumanne. Redio ilisema asubuhi, na kufikia saa sita foleni ya kantini ilikuwa inamzungumza kwa sauti ya chini, wale wale waliokuwa wakimzungumza kwa sauti ya juu. Ofisa utumishi alimwita Bi Tiketi ghorofa ya tatu.

"Ijumaa tutafanya kumbukumbu yake kantini, kwa kuwa ndiye aliyeijenga," alisema. "Watu wameanza kuweka salamu za rambirambi kwenye lile sanduku. Chagua kumi nzuri, uzisome mbele ya wageni. Mjane wake atakuwepo."

"Sawa, bosi."

"Na Jumatatu niletee daftari. Kuna kampuni ya chakula inataka kuichukua kantini pamoja na jiko lake. Mimi sina upande. Daftari likisema watu wameridhika, mpishi wako anabaki. Likisema vingine, wanaingia mwezi ujao."

Bi Tiketi alishuka ngazi akiwa mwepesi. Daftari alilijua mwenyewe, lilikuwa safi kuliko sahani.

Alhamisi alifungua sanduku akakuta karatasi arobaini na moja. Alizipanga mezani kama kawaida, na kama kawaida alianza kuwatambua wenye miandiko. BABA WA WANYONGE. ALITUVUSHA. Herufi kubwa, karatasi imetoboka kwenye nukta. Msoma mita: "Hakujikweza. Alikula nasi sahani moja tangu mwaka ule wa 77 alipokuwa karani," na saba zote mbili zimekatwa katikati. Karani wa masjala: "1. Alikuwa msikivu. 2. Alikuwa mwadilifu. 3. Pengo lake halizibiki." Dereva wa boza alianza kwa heshima na taadhima, na safari hii akaenda nayo mpaka mwisho wa ukurasa.

Hakuwakasirikia. Marehemu hasemwi vibaya, na yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Lakini hakuwahi kukutana na lawama za jana na sifa za leo katika mwandiko mmoja namna ile. Alichagua kumi, akafunga sanduku, na jioni nzima alikuwa na wasiwasi ambao hakujua ameutoa wapi.

Kumbukumbu ilikwenda kama zinavyokwenda. Meza zilisogezwa ukutani, picha ya Mheshimiwa ikawekwa juu ya friji ya soda, watu wakasema. Bi Tiketi alisoma zile kumi kwa sauti yake ya "Karibu", isiyopanda wala kushuka, na pengine ndiyo maana watu walilia. Mjane wa Mheshimiwa, mama mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani, alisimama kushukuru. Alisema, "Marehemu alikuwa akiniambia watu wa maji wanampenda, mimi nikidhani anajisifu. Leo nimesikia kwa masikio yangu." Fundi bomba aliinamisha kichwa, akaangalia kandambili zake.

Kisha chakula kikaletwa. Wali, nyama, mchuzi. Bi Tiketi alikula tonge moja, akajua. Haikuwa bahari ya kila siku, ilikuwa bahari iliyoanikwa. Aliona mjane wa Mheshimiwa akiweka kijiko chini polepole na kuomba maji. Aliona majagi yakienda na kurudi. Kisha aliona kila mgeni aliyepita dirishani kurudisha sahani iliyojaa akimwambia mpishi, "Asante mama, mkono wako mtamu," na wifi yake akiwashukuru mmoja mmoja, amesimama wima, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Bi Tiketi alichukua sahani yake akaenda nayo nyuma ya stoo.

Jumapili mchana walikaa mlangoni kwao wakichagua mchele, kila mtu na sinia lake. Mabinti walikuwa wametoka. Wifi alisimamisha vidole juu ya mchele.

"Wifi, nikuulize neno."

"Uliza."

"Yale uliyoyasoma Ijumaa. Ndiyo waliyokuwa wakimwandikia siku zote?"

Kanuni ilitaka siri. Lakini Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameshazikwa, na Bi Tiketi alichoka kuyabeba peke yake. "Hapana," alisema.

"Walikuwa wanamwandikia nini?"

Akamweleza. Buti na kandambili, sahani na picha, namba za karani, heshima na taadhima za dereva. Wifi alicheka mpaka akalazimika kuliweka sinia chini. Akajipangusa macho.

"Na yeye akisoma anasemaje?"

"Hakusoma. Nilikuwa naandika halihusu kantini."

"Kwa hiyo kafa hajui."

"Kafa hajui."

"Maskini," wifi akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Angejua, pengine hata buti angenunua."

Alichagua mchele kidogo, akatupa kijiwe uani. Kisha akasema bila kuinua macho, "Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi wananiandikia nini? Mimi bado sijafa, wifi."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa na miaka miwili ya mazoezi. Bi Tiketi alilianza: "Wewe wanaku..." Halikutoka. Aliona zile sahani za Ijumaa, na ule uso uliokuwa ukishukuru.

"Chumvi," alisema. "Wanalalamikia chumvi. Imezidi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipougua."

"Wangapi?"

"Wote, wifi."

Alingoja kelele. Alikuwa hata ameshika ukingo wa sinia lake kwa mikono miwili. Wifi hakupiga kelele. Alikaa akitazama mchele, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayetoa maelezo hospitali.

"Mimi tangu homa ile sisikii ladha. Wala harufu. Maziwa yakiungua najua kwa kuona moshi. Nikiweka sukari mdomoni ni sawa na mchanga."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mpishi asiyeonja ana tofauti gani na dereva kipofu? Ungelala usingizi wewe? Nikasema moyoni, sanduku lipo. Wakisema imezidi nitapunguza, wakisema haitoshi nitaongeza. Ule mwezi wa kwanza nilikuwa nabahatisha, leo vikombe viwili, kesho nusu. Kila Ijumaa nakuja kukuuliza. Ukaniambia vikombe viwili ni sawasawa. Nikashika hapohapo. Hata siku ile uliponiambia una chumvichumvi, nilikuuliza kama wameandika. Ukasema hawajaandika. Mimi ulimi sina, wifi. Nilikuwa naonja kwako."

Bi Tiketi aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka miwili alijihesabu ngao ya mke wa kaka yake. Alijua miandiko ya jengo zima, mstari wa saba na tundu la nukta, na mtu aliyelala naye chumba kimoja hakumsoma.

"Nilihofu watakutoa," alisema. "Na sasa kuna kampuni inataka jiko. Kesho daftari linapanda juu."

"Karatasi zenyewe ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Wapi?"

"Jikoni kwako. Chini ya maharage."

"Unazikumbuka?"

"Zote."

"Kalete daftari."

"Wifi, nikiandika hayo watatangaza nafasi yako. Hawatangoja hata mwisho wa mwezi. Na mtoto amebakiza mwaka mmoja."

"Najua amebakiza nini, nimemzaa mimi. Kalete."

Akalileta kutoka kwenye mkoba wake wa kazini, likawekwa juu ya stuli katikati yao. Bi Tiketi akaanza kusema kwa kumbukumbu, na kuandika, karatasi baada ya karatasi, kuanzia zile saba za kwanza. Fundi bomba: MCHUZI HUU UNAFAA KUHIFADHIA SAMAKI. Msoma mita: anakunywa lita mbili baada ya kula, na yeye ni mtu wa kutembea, akajisaidie wapi? Karani: moja, chumvi; mbili, chumvi; tatu, rejea moja na mbili. Wifi hakulia, wala hakujitetea. Alichotaka kujua ni tarehe. "Hiyo mwezi gani?" aliuliza, na akitajiwa, alikunja kidole na kukumbuka: siku hizo alitumia kikombe kilichovunjika mpini, kile kikubwa, siku hizo chumvi ililetwa ya mawe. Alikuwa anajipima upya, sufuria moja baada ya nyingine. Jua liliondoka mlangoni, wakahamishia stuli dirishani. Kurasa nne zilijaa, na kurasa nne zilitosha kumtoa jikoni mara kumi.

Bi Tiketi akafunga kalamu. "Zimekwisha."

"Bado mmoja."

"Nani?"

"Wewe. Miaka miwili unakula kwangu kila siku, hujawahi kutumbukiza hata kikaratasi."

Bi Tiketi alimtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza akabaki akingoja jibu.

"Cha Ijumaa kilinishinda," alisema. "Nilikimwaga nyuma ya stoo. Na siku nyingi tu nimekimwaga."

Wifi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akiitikia kila wiki pale kwenye fremu ya mlango.

"Ijumaa niliweka vikombe vitatu, kwa sababu ni wageni," alisema. "Andika na hilo."